Kidonge kilichoishia tumboni: kisa cha fenilefrini na pua iliyoziba

Mama huyu ni mteja wetu wa siku nyingi hapa Tanga. Haji na cheti cha daktari, huja na pakiti tupu. Anaiweka juu ya kaunta, anaigonga kwa ukucha, anasema, "Mwanangu, nipe hii hii." Pua yake imeziba tangu masika ya mwaka juzi. Alfajiri hupiga chafya mfululizo kabla hata hajakunja chandarua. Macho yanamwasha, kaakaa linamwasha, lakini homa hana na kikohozi hana. Haya si mafua ya kuambukizwa. Ni mzio, wenyewe mtaani tunasema aleji, na kwa kuwa bado analalia godoro la sufi la enzi za marehemu mumewe, sihitaji ramli kujua utitiri wa vumbi umejificha wapi.

Pakiti ile ina dawa nne ndani ya kidonge kimoja: paracetamol, klorofenilamini ambayo kila mtu anaiita Piriton, kafeini, na fenilefrini. Paracetamol ni ya kichwa. Piriton ni ya chafya na mwasho, na ndiyo inayomlaza. Kafeini imewekwa imwamshe kidogo kutoka kwenye usingizi wa Piriton. Fenilefrini imepewa kazi ya kuzibua pua, yaani kazi ile ile inayomleta mama dukani. Na kati ya zote nne, hiyo ndiyo ambayo ikimezwa haifanyi kazi iliyopewa.

Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi, lakini iliwachukua watafiti wa Marekani miaka mingi kuisema mbele ya serikali yao ikasikika. Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu za kikazi. Nimegundua pia kwamba waliokimaliza ni watu wa aina ya mama huyu: wagonjwa wa mzio, ambao pua zao haziponi zenyewe baada ya wiki moja.

Tuanze na pua yenyewe. Wengi wetu tunadhani pua huzibwa na kamasi. Kamasi ni sehemu tu. Kwenye kuta za ndani za pua kuna vinyama vilivyojaa mishipa ya damu, na mzio unapowaka, seli za kinga humwaga histamini na kemikali nyingine, mishipa inatanuka, vinyama vinavimba kama sponji iliyotoswa majini. Ndiyo maana mtu anapenga na kupenga, leso inatoka kavu, na pua bado haipitishi hewa. Kwa hiyo dawa yoyote inayobana mishipa hiyo ya damu, kimantiki, itafungua njia. Fenilefrini hubana mishipa. Ukiidondoshea puani moja kwa moja, inaibana kweli na hewa inapita, hilo halina ubishi. Ubishi ni pale unapoimeza.

Sheria ya Marekani ya 1962 ilidai kwamba dawa ithibitishwe kuwa inafanya kazi, si kuwa salama tu. Dawa zilizokuwa tayari zimejaa madukani ilibidi zipitiwe upya, na mwaka 1972 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilianza kuunda majopo ya wataalamu wa kuzipitia zile zinazouzwa bila cheti. Jopo la dawa za mafua lilitoa ripoti mwaka 1976. Kwa fenilefrini ya kumeza lilikuwa na tafiti 14 mezani, nyingi kati ya hizo zikiwa ripoti za ndani za watengenezaji ambazo hazijawahi kuchapishwa katika jarida lolote. Nusu zilionyesha dawa imesaidia, nusu hazikuonyesha. Jopo likasema inatosha: miligramu 10 kila baada ya saa 4. Mwaka 1994 kanuni ikakamilishwa, na tangu hapo kampuni yoyote iliruhusiwa kutia fenilefrini kwenye kidonge chake cha mafua bila kumwomba mtu ruhusa.

Sitaki kuwacheka wazee wale wa 1976. Walipima kwa kipimo cha enzi zao. Lakini kipimo hicho ndicho fundo la kisa kizima, kwa hiyo tukae nacho kidogo.

Walichopima ni ukinzani wa pua kwa hewa. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, anavikwa barakoa, mrija mmoja unasoma shinikizo la hewa na mwingine unasoma kasi ya hewa inayopita, kisha vinagawanywa. Anameza kidonge. Anapimwa tena baada ya robo saa, nusu saa, saa moja, na kuendelea. Namba inatoka, na namba ina heshima yake. Shida ni kwamba pua ni kiungo kisichotulia. Matundu mawili hupokezana zamu, moja likivimba lingine likinywea, kila baada ya saa chache, hata kwa mtu mzima wa afya. Ukimpima mtu saa tatu asubuhi na saa nne, unaweza kuona badiliko kubwa na kidonge hakihusiki kabisa. Ongeza kwamba tafiti hizo zilikuwa na watu wachache sana kila moja, zilifuatilia kidonge kimoja kwa saa chache, na kipimo kikuu hakikuwa swali la maana kwa mgonjwa: wewe mwenyewe unaonaje, unapumua?

Siku hizi majaribio ya dawa za mafua ya mzio hayaendeshwi hivyo. Mgonjwa anapewa daftari. Asubuhi na jioni anajipa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila dalili kati ya nne: kuchuruzika, kuziba, kuwasha, chafya. Anajaza mara mbili, moja kwa jinsi alivyokuwa saa 12 zilizopita na nyingine kwa jinsi alivyo dakika hii. Jumla kubwa kabisa ni 12. Ni kipimo cha kienyeji ukikilinganisha na mashine yenye mirija, na wapo wanaokidharau, lakini kinapima kitu ambacho mtu amelipia.

Turudi kwenye kidonge. Kwa miaka mingi baada ya 1976 hakuna aliyehangaika na fenilefrini, kwa kuwa haikuwa mchezaji wa kikosi cha kwanza. Waliokuwa wanatamba ni wawili. Wa kwanza, fenilpropanolamini, aliondolewa mwaka 2000 baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kuihusisha na kuvuja damu ubongoni, hasa kwa wanawake. Wa pili, sudoefedrini, hana kosa puani: ukiimeza inafika kwenye damu na pua inafunguka. Kosa lake ni kwamba wahuni wanaweza kuipika ikawa methamfetamini. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya 2005 ya kupambana na dawa hiyo ya kulevya, na kufikia mwishoni mwa Septemba 2006 sudoefedrini ilikuwa imehamishiwa nyuma ya kaunta: onyesha kitambulisho, weka saini, usizidishe gramu 3.6 kwa siku. (Huku kwetu nako si dawa ya kuchezea. Sudoefedrini imo katika Jedwali la 1 la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kuhusu dawa za kulevya, na nchi zilizouridhia zinaifuatilia.)

Kampuni hazikutaka wateja wao wapange foleni wakitoa vitambulisho. Zikachukua vidonge vile vile, zikatoa sudoefedrini, zikaingiza fenilefrini, mara nyingine jina likibaki lile lile na herufi mbili zikiongezwa mwishoni. Kwenye rafu, mnunuzi hakuona tofauti. Hapo ndipo mchezaji wa akiba alipopewa namba kumi mgongoni, na sababu haikuwa uwezo wake uwanjani. Mwenzake alikuwa amepewa kadi nyekundu.

Huko Gainesville, Chuo Kikuu cha Florida, wafamasia wawili hawakulala. Leslie Hendeles alikuwa amewahi kuihoji dawa hii miaka ya nyuma. Mwenzake, Randy Hatton, aliongoza kituo cha chuo hicho cha kutoa taarifa za dawa. Mwaka 2006 waliandika barua katika jarida la mzio wakiuliza kama mbadala huu unafanya kazi kweli. Kisha wakazitafuta zile tafiti za zamani ambazo hazikuchapishwa, zile ambazo jopo la 1976 liliziegemea, wakazijumlisha upya. Walipata 8 za miligramu 10 zenye jumla ya watu 138. Watu 138 kwa dawa inayomezwa na mamilioni! Tofauti kati ya dawa na kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, ilikuwa asilimia 10.1 ya ukinzani wa pua, na mipaka ya makadirio ilitoka chini ya sifuri hadi karibu 24, maana yake kitakwimu huwezi kusema ipo tofauti. Wakapeleka ombi FDA mwaka 2007.

Upande wa viwanda ulikuja na hesabu yake, iliyofanywa juu ya tafiti zinazofanana sana na hizo, ikasema dawa inasaidia. Ukijiuliza inawezekanaje watu wawili wasome makaratasi yale yale wapate majibu mawili, jibu ni kwamba baadhi ya tafiti za zamani zilitoka katika kituo kimoja ambako matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi, na vituo vingine vilipojaribu havikuyapata. Ukikiingiza kituo hicho bila kukihoji, kinauvuta mzani. Miaka mingi baadaye wachambuzi wa FDA wenyewe walikirudia kituo hicho na kuandika kwamba data zake zinatia shaka.

Desemba 2007 jopo la washauri likakaa. Kura 11 kwa 1 zikasema ushahidi unaashiria huenda miligramu 10 zinafanya kazi. Lakini 9 kati ya hao 12 wakataka majaribio mapya, pamoja na ya vipimo vikubwa zaidi. Mimi nikilisoma jibu hilo nawaona watu waliokuwa na mashaka wakakosa ujasiri wa kuyapigia kura. Hata hivyo nawashukuru kwa kitu kimoja: yale majaribio mapya yalifanyika, na yalifanyika kwa wagonjwa wa mzio.

Kabla ya hayo, niseme kidogo kwa nini kidonge kinashindwa. Ukimeza fenilefrini, inakutana kwanza na ukuta wa utumbo, ambao umejaa vimeng'enya vinavyoibandika salfeti na kuizima, kisha ini linamalizia. Vitabu vyetu vya famasia kwa muda mrefu vilisema asilimia 38 ya dawa hufika kwenye damu. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa 1982 uliotumia dawa iliyotiwa mionzi, na kilichohesabiwa kilikuwa mionzi, yaani dawa nzima pamoja na mabaki yaliyokwisha kuzimwa. Ni sawa na kuhesabu abiria walioshuka Ubungo ukiwajumlisha na waliofika mwili tu ndani ya jeneza. Vipimo vya kisasa vinavyotofautisha dawa hai na mabaki vimepata chini ya asilimia 1. Piga hesabu: katika miligramu 10, inayofika kwenye damu ikiwa hai haifiki hata sehemu moja ya kumi ya miligramu, na hata hiyo inatoweka upesi. Puani utaitafuta kwa tochi.

Sasa majaribio. La kwanza ni la Vienna, Austria, ambako daktari Friedrich Horak alikuwa na chumba maalumu cha mzio. Hebu kione: chumba kilichofungwa, watu wameketi kwenye viti, hewa inayoingia imechanganywa na chavua ya nyasi kwa kipimo kinachodhibitiwa muda wote. Hakuna cha upepo kubadilika wala mvua kuisafisha hewa, kwa hiyo pua zote zinashambuliwa sawasawa. Wagonjwa 39 wenye mzio wa nyasi walipita humo kwa zamu tatu: zamu moja fenilefrini miligramu 12, nyingine sudoefedrini miligramu 60, nyingine kidonge kitupu. Kila mtu akawa kipimo cha nafsi yake. Matokeo yalichapishwa 2009. Sudoefedrini ilizishinda zote mbili waziwazi. Fenilefrini na kidonge kitupu zilienda sare.

Mwaka huo huo chumba kingine cha aina hiyo, cha Kingston nchini Kanada, kilitoa matokeo ya wagonjwa wa chavua ya magugu. Pale fenilefrini ilishindanishwa na mchanganyiko wa dawa mbili za mzio, loratadini na montelukasti. Mchanganyiko ulipunguza kuziba kwa pua. Fenilefrini, kama Vienna, haikupishana na kidonge kitupu.

Angetokea mtu wa kusema: vyumba ni vyumba, na maisha si chumba, pia kidonge kimoja hakitoshi kuhukumu. Hoja nzuri. Ndipo yanapokuja majaribio mawili ya Eli Meltzer, daktari wa mzio wa San Diego, yaliyogharimiwa na Merck, kampuni ambayo ingefaidika kama dawa ingeonekana inafaa. La kwanza, la 2015, lilikuwa na watu wazima 539 wenye mafua ya mzio ya msimu. Waligawanywa kwa kura makundi matano: kidonge kitupu, miligramu 10, 20, 30, na 40, kwa siku 7, wakijaza daftari la dalili. Mtu aliyemeza 40 alimeza mara nne ya kipimo cha pakiti. Hakuna kundi hata moja lililoshinda kidonge kitupu.

Jaribio hili lina dosari moja ambayo wakosoaji waliitaja: lilikuwa la wazi, halikufichwa kama inavyotakiwa. Mimi naona dosari hiyo inaelemea upande wa dawa. Mtu anayejua anameza dozi kubwa hujihisi nafuu kwa kujua tu. Kama hata msaada huo wa bure haukutosha kuitenganisha dawa na kidonge kitupu, tunatafuta nini tena?

La pili, la 2016, lilifichwa barabara. Watu 575, vidonge vya miligramu 30 vinavyoyeyuka polepole, kila baada ya saa 12 kwa wiki nzima. Jibu lile lile.

Hapa ndipo pa kuwapongeza wagonjwa wa mzio, na ndilo jambo linalonifanya nikipende kisa hiki. Mafua ya kawaida ni mgonjwa mbaya wa kujaribia dawa. Siku ya tatu mtu yuko hoi, siku ya saba amepona, na chochote alichomeza katikati kinapewa sifa. Bibi atasema ni tangawizi na limau, kijana atasema ni kidonge, na wote wana ushahidi wa macho yao. Dawa isiyofanya kazi inaweza kuishi miaka na miaka kwenye ugonjwa unaojiponyea. Mzio haukupi sitara hiyo. Chavua iko hewani wiki nzima, utitiri uko kwenye mto kila usiku, pua iliyoziba Jumatatu itaziba Ijumaa usipokuwa umefanya kitu. Upande wa viwanda ulijua hilo, na utetezi mmoja ulikuwa kwamba mafua ya mzio si mafua ya baridi, kwa hiyo yasitumike kuihukumu dawa nzima. Utetezi huo ulikuwa na mashiko kidogo hadi jaribio dogo la kampuni ya Johnson & Johnson kwa watu wenye mafua ya kawaida lilipopitiwa na FDA, nalo pia halikuonyesha faida.

Hendeles na Hatton walipeleka ombi la pili mwaka 2015, safari hii wakisema wazi: iondoeni. Kisha kimya. Miaka karibu minane. Watu wa dawa tunajifanya hatuelewi kwa nini wananchi wanaamini mambo ya ajabu kuhusu vidonge, lakini ukikaa na ushahidi wa namna hii mezani kwa miaka minane huku kidonge kikiendelea kuuzwa, unategemea nini?

Septemba 2023 jopo la washauri lilikaa siku mbili. Wachambuzi wa FDA walikuwa wamezirudia tafiti za 1976 moja moja, wakaeleza udhaifu wa kile kipimo cha ukinzani, wakaweka mezani namba ya chini ya asilimia 1, wakaweka majaribio mapya. Swali likawa moja: je, data zilizopo zinaunga mkono kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo kinachopendekezwa, inazibua pua? Kura 16 zilisema hapana. Hakuna aliyesema ndiyo. Mwaka uliotangulia, 2022, Marekani peke yake ilikuwa imeuza pakiti na chupa zipatazo milioni 242 za dawa zenye fenilefrini, kwa karibu dola bilioni 1.8. Sudoefedrini, iliyofichwa nyuma ya kaunta, ilikuwa pakiti milioni 50 hivi. Kwa kila mtu mmoja aliyekubali kuomba dawa inayofanya kazi, karibu pakiti tano za ile isiyofanya ziliondoka kwenye rafu.

Kura ya washauri haiilazimishi mamlaka. Mwezi uliofuata kura hiyo, maduka ya dawa ya CVS ya Marekani yalitangaza kuondoa kwenye rafu zao vidonge vya mafua ambavyo ndani yake hamna kingine ila fenilefrini. FDA yenyewe ilingoja hadi Novemba 2024, ndipo ikatoa pendekezo rasmi la kuifuta fenilefrini ya kumeza kutoka kwenye orodha ya dawa za kuzibua pua zinazouzwa bila cheti. Ikasisitiza kwamba sababu ni kutofanya kazi, si hatari, na kwamba dawa ya kudondoshea au kupulizia puani haihusiki.

Maneno hayo "si hatari" yanawatuliza wengi, na kwa mtu mzima mwenye afya ni kweli kwa kipimo cha pakiti. Lakini fikiria kilichotokea kwa mteja. Alilipa. Aliahirisha dawa inayofaa. Akiona pua haifunguki huongeza kidonge cha pili kabla ya wakati, na katika kidonge hicho kuna paracetamol, ambayo ikizidishwa ini linalipa. Hii ya mwisho nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja: mtu anameza pakiti ya mafua na paracetamol ya kawaida juu yake, hajui ni dawa moja mara mbili.

Na kwa nini watu wanaapa kwamba kidonge kile kinawasaidia? Kwa sababu kinawasaidia. Paracetamol inaondoa maumivu ya paji la uso, Piriton inakausha kamasi na kutuliza chafya, kafeini inachangamsha. Fenilefrini imekaa katikati yao kama mjomba aliyekuja harusini: chakula kimepikwa na wengine, yeye yumo tu kwenye picha.

Kwa hiyo siku ile mama alipoigonga pakiti, niliamkia kwanza, nikavuta stuli. "Shikamoo mama. Hebu leo tuzungumze kidogo kabla sijakupa." Nikamweleza habari ya mto na godoro la sufi: kuanika juani, kufua foronya kwa maji ya moto, na ikiwezekana kubadili. Nikamwambia dawa yenye ushahidi mkubwa kwa pua inayoziba kwa mzio ni ile ya kupulizia yenye steroidi, kama beklometasoni au flutikasoni, kila siku, si siku anapojisikia vibaya tu. Nikamtahadharisha na zile nyingine za kupulizia zinazozibua dakika hiyo hiyo: zikipita siku chache mfululizo, pua inazizoea na kuziba zaidi ya mwanzo.

Alirudi baada ya siku nne amenuna. "Hii nayo haifanyi kitu, mwanangu. Na imenitoa damu." Nikamwomba anionyeshe anavyopulizia. Akaingiza mdomo wa chupa tundu la kulia kwa mkono wa kulia, akainua uso juu kama anayetazama dari, akabonyeza, akavuta kamasi kwa nguvu hadi kooni. Dawa yote ilikuwa inapiga ukuta wa katikati ya pua, ukuta wenye mishipa myembamba, na iliyobaki anaimeza. Ya kumezwa tena! Nikamwelekeza: inamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio, bonyeza, vuta pumzi taratibu kama unanusa jasmini. Na siku nne ni chache. Nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki moja au mbili za kutumia bila kuruka.

"Kumbe muda wote najipulizia ukuta," akasema, akacheka mpaka akapiga chafya. Kisha akafungua pochi. "Na ile pakiti yangu nipe moja, ya kichwa."

Nilimpa paracetamol peke yake.